Lita Ngapi kwa Kilomita Mia? Mhadhara Kuhusu Kupima na Kupunguza Ulaji Halisi wa Mafuta ya Gari

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Kila mwenye gari niliyepata kumuuliza gari lake linakula mafuta kiasi gani alinijibu papo hapo, lakini nilipomuuliza amelijuaje jibu hilo, wengi walinitajia ama namba iliyomo katika kijitabu cha mtengenezaji, ama ile inayoonekana kwenye dashibodi, ama tangi moja wanalolikumbuka kwa sababu liliwafikisha mbali kuliko kawaida. Hoja yangu leo ni kwamba hakuna hata moja kati ya hizo inayotosha, na kwamba anayetaka kupunguza mafuta anayoyachoma aanze kwa kununua daftari.

Namba ya mtengenezaji hupatikana maabarani, gari likiwa limesimamishwa juu ya roli zinazozunguka chini ya magurudumu yake. Barani Ulaya kipimo cha zamani, NEDC, kilidumu takriban dakika 20, tena kwa kuongeza mwendo polepole mno kiasi ambacho hakuna dereva wa kawaida anayekifuata. Kuanzia Septemba 2017 kilianza kubadilishwa na WLTP, ambacho hudumu dakika 30 na kupita kilomita 23 hivi. Ni kipimo bora, lakini ripoti ya Tume ya Ulaya ya Machi 2024, iliyotumia takwimu zilizosomwa kutoka ndani ya magari mapya ya mwaka 2021, ilionyesha kwamba magari ya petroli na dizeli yalizidi kipimo hicho kwa takriban asilimia 20 yakiwa barabarani, na yale ya haibridi yanayochajiwa kwa umeme, yaani yenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, yaliuzidi uchafuzi uliotangazwa kwa zaidi ya mara tatu, kwa sababu wenyewe hawakuyachaji kama ilivyotarajiwa. Kipimo cha maabara hutufaa kulinganisha gari na gari. Hakikuundwa kutabiri safari zako.

Kompyuta ya gari nayo haiyapimi mafuta kwa kikombe. Hukadiria kwa kuhesabu muda ambao nozeli, yaani vinyunyizio vya mafuta vya injini, zimekaa wazi na mizunguko ya magurudumu, na mara nyingi makadirio hayo hulipendelea gari. Itumieni kulinganisha mwendo wa leo na wa jana kwenye barabara ileile, lakini msiichukue kuwa hesabu ya mwisho.

Hesabu ya mwisho hutoka kwenye pampu. Jaza tangi mpaka bomba lijikate lenyewe, andika kilomita za odometa, yaani kihesabio cha kilomita kwenye dashibodi, endesha kama kawaida, kisha jaza tena mpaka lijikate na uandike lita zilizoingia. Ikiwa umetembea kilomita 412 na zimeingia lita 38.6, gawanya lita kwa kilomita, zidisha kwa 100, nawe utapata lita 9.4 kwa kila kilomita 100. Tatizo ni kwamba pampu mbili hazijikati mahali pamoja, na gari lililosimama pembeni kidogo au kwenye mteremko laweza kubaki na nafasi ya lita nzima. Katika tangi moja la lita 40, kosa la lita moja ni asilimia 2.5, ambayo inaweza kulingana na faida yote unayoitafuta. Lakini ukijumlisha matangi kumi, makosa ya katikati hufutana, kwa kuwa kilichokosekana huku huingia kule. Hubaki kosa la mwanzo na la mwisho tu, nalo, juu ya lita 400, ni robo ya asilimia. Kwa hiyo mtu anayewaambia kwamba tangi lake la jana limethibitisha jambo fulani, msikilizeni kwa heshima, kisha mwombeni matangi mengine tisa.

Odometa nayo ikaguliwe. Huhesabu mizunguko ya gurudumu, si urefu wa barabara, na tairi lililolika lina mzingo mdogo kuliko jipya: likipungua milimita 6 kutoka nusu kipenyo cha milimita 300, odometa itaongeza kilomita kwa asilimia 2 ambazo hamkuzitembea. Linganisheni na nguzo za kilomita za barabarani au na simu yenye GPS kwa safari ndefu, mpate kiwango cha kusahihisha.

Naomba nikae kidogo kwenye kizio chenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wenye akili timamu hupotea. Tumezoea kusema kilomita kwa lita. Gari linaloboreka kutoka kilomita 5 kwa lita hadi 6 huokoa lita 3.3 katika kila kilomita 100. Linaloboreka kutoka 15 hadi 16 huokoa lita 0.4 tu, ingawa yote mawili yameongeza kilomita moja. Tena, ukienda kilomita 100 za mjini kwa kilomita 8 kwa lita, na 100 za barabara kuu kwa 16, wastani wako si 12. Umetumia lita 18.75 kwa kilomita 200, yaani 10.7. Andikeni lita kwa kilomita 100, na kila mara jumlisheni lita zote na kilomita zote kabla ya kugawanya.

Sasa tuingie kwenye kupunguza. Adui wa kwanza katika barabara kuu ni upepo. Nguvu ya hewa inayolizuia gari hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 120 kizuizi hicho huongezeka kwa asilimia 44, ilhali safari ya kilomita 100 hufupishwa kwa dakika 10 tu. Keria tupu juu ya paa huongeza kizuizi hicho kila siku, hata siku ambazo haibebi kitu.

Mjini adui ni breki. Gari la kilo 1,300 linalokwenda kilomita 80 kwa saa limebeba nishati ya takriban kilojuli 320. Lita ya petroli ina megajuli 32 hivi, na tukikadiria kwamba injini hugeuza robo yake kuwa mwendo, basi kila mara unaposimama kabisa kutoka kasi hiyo unatupa takriban mililita 40 za petroli, karibu vijiko vitatu vya mezani, zikiwa joto kwenye breki. Dereva anayeitazama taa nyekundu tangu mbali na kuondoa mguu mapema huzibakiza mililita hizo. Na aondoe mguu gia ikiwa imeingia: katika injini za nozeli zinazoongozwa na kompyuta, mafuta hukatwa kabisa wakati magurudumu yanapoizungusha injini, ilhali kwenye nyutro injini lazima iendelee kuchoma ili isizimike. Wanaoshuka milima kwa nyutro huongeza matumizi, na baya zaidi, huziachia breki peke yake kazi ambayo injini ingesaidia, mpaka zichemke na kushindwa kushika. Hilo nalisema kwa uzito wote nilionao.

Upepo wa matairi upimwe matairi yakiwa baridi. Kuhusu chujio la hewa, majaribio ya maabara ya Oak Ridge nchini Marekani mwaka 2009 yalionyesha kwamba katika magari ya kisasa chujio lililoziba hupunguza nguvu ya kuchapuka, yaani kuongeza mwendo haraka, zaidi kuliko linavyoongeza ulaji. Sumaku na dawa za kutia kwenye tangi zinazodaiwa kuokoa mafuta sitazijadili. Anayeziuza awaonyeshe daftari lake.

Ukibadilisha jambo, badilisha moja tu, pima matangi kadhaa, kisha lirudishe kama lilivyokuwa upime tena, kwa maana hali ya hewa na foleni hubadilika bila kukuuliza. Gari langu mwenyewe lilikuwa likitumia lita 8.1, kisha kwa matangi manne mfululizo likapanda polepole hadi 8.9. Fundi wa kwanza aliniambia ni petroli mbaya. Nilipogusa rimu baada ya safari, tatu zilikuwa vuguvugu na moja ya nyuma iliunguza kidole: breki yake ilikuwa haiachii. Ilitengenezwa, na matangi matatu yaliyofuata yalirudi 8.2. Daftari lenyewe liko hapa mezani. Karibuni mlitazame, kisha tuendelee na maswali.