Mwanga Unaofika Kwenye Tumbawe: Mhadhara Kuhusu Kuchagua Taa za Tangi la Matumbawe

Ndugu zangu, habari za jioni. Mliosimama mlangoni, huku mbele kuna nafasi kandokando ya tangi. Karibuni mkae, ila angalieni msikanyage nyaya.

Kabla sijataja taa yoyote, naomba kipande hiki kizunguke mkono kwa mkono. Ni mifupa ya tumbawe la jenasi ya Acropora. Kisogezeni karibu na macho. Kila kitundu mnachokiona kilikuwa nyumba ya mnyama mmoja, polipu, mdogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Mnyama huyu hana jani wala mzizi, na bado ukimnyima mwanga kwa muda mrefu atadhoofika hadi afe. Sababu ni kwamba ndani ya nyama yake amefuga mwani wa seli moja, zooksantela. Eneo la sentimeta moja ya mraba kwenye tumbawe lenye afya linaweza kubeba seli milioni moja za mwani huo.

Mwaka 1928 mwanabiolojia Maurice Yonge aliongoza msafara wa kisayansi kwenye mwamba mkubwa wa matumbawe wa Australia, katika visiwa vya Low Isles. Moja ya kazi zao ilikuwa kuyaweka matumbawe hai gizani na kutazama yatakavyokuwa. Matumbawe yaliufukuza mwani wake, yakabaki meupe. Miaka 30 baadaye, mwaka 1958, Leonard Muscatine na Cadet Hand walitumia kaboni yenye mnururisho kufuatilia chakula kinachotengenezwa na mwani kama huo ndani ya anemone, ambaye ni ndugu wa tumbawe. Kaboni ile waliikuta ndani ya nyama ya mnyama mwenyewe. Mwani hupika, mwenyeji hula. Leo tunajua kwamba kwa matumbawe mengi ya maji ya kina kifupi sehemu kubwa kabisa ya nishati inatoka jikoni humo.

Kwa hiyo mtu anaponiuliza, "Ninunue taa gani?", mimi namsikia akiuliza, "Nitalishaje mifugo yangu?" Na jibu langu huwa swali: ni tumbawe gani, na litakaa wapi ndani ya tangi? Taa huja baada ya hapo. Wengi wetu tumeanza kinyume. Tunanunua taa, tunaiwasha, halafu tunatafuta tumbawe litakaloivumilia.

Nami nilianza kinyume. Nilikuwa na taa ya mirija ya floresenti iliyochakaa, na matumbawe yangu yalikuwa yameizoea kwa miaka miwili. Nikanunua taa ya LED, nikaifunga jioni, nikaongeza buluu hadi mwisho na nyeupe kidogo tu. Machoni pangu tangi lilionekana na giza kuliko zamani, kiasi kwamba nilijiuliza kama sikuhitaji taa ya pili. Siku ya tatu, tumbawe la Euphyllia ambalo kila asubuhi lilifungua minyiri yake kama ua lilibaki limejikunja. Siku ya sita ncha za Montipora, tumbawe jingine, zilikuwa nyeupe. Nikafikiri ni maji. Nikapima chumvi, nikapima alkali, nikabadilisha maji, na taa ikaendelea kuwaka vile vile juu yake. Nilipokuja kuazima kipimo cha mwanga, pale ilipokaa Euphyllia palisoma zaidi ya 350, kwa kizio nitakachowaeleza hivi punde. Mahali pake panapofaa ni kama 100. Tumbawe lile nilipoteza matawi yake yote.

Kosa lilikuwa nini? Niliyaamini macho yangu. Jicho la mwanadamu huona vizuri zaidi rangi ya kijani, kwenye urefu wa mawimbi wa nanometa 555 hivi. Kwenye buluu ya nanometa 450, hisia ya jicho inashuka hadi asilimia 4 tu ya ile ya kijani. Lakini nanometa 450 ndipo mwani wa tumbawe unapokula kwa pupa. Klorofili zake hunyonya sana eneo hilo, na peridinini, rangi yake nyingine, huendelea kunyonya kutoka buluu hadi kuelekea kijani. Taa ya buluu inayoonekana hafifu machoni pako inaweza kuwa inaliunguza tumbawe. Ndiyo maana pia kipimo cha luksi, kile kilichomo kwenye simu zenu, hakitufai hapa: kimetengenezwa kufuata jicho. Lumeni zilizoandikwa kwenye boksi la taa nazo ni hivyo hivyo.

Tunachohitaji ni kipimo cha PAR. Hiki huhesabu chembe za mwanga, fotoni, kati ya nanometa 400 na 700, yaani zile ambazo usanisinuru unaweza kuzitumia. Kizio chake ni maikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde. Mimi nitataja namba peke yake. Jua la utosini, anga likiwa safi, hutoa kama 2000 juu ya uso wa bahari. Usiogope, hatuitaki namba hiyo nyumbani.

Namba ninazofanyia kazi ni hizi. Matumbawe laini, na ndugu zake kama Discosoma, mnyama tunayemwita uyoga wa baharini, na jamii ya Zoanthus, hukaa vizuri kati ya 50 na 100. Matumbawe magumu ya polipu kubwa, kama Euphyllia, kati ya 80 na 150. Ya polipu ndogo, kama Acropora hii mliyoishika, 200 hadi 350. Hizi si sheria, maana tumbawe moja hujizoesha kwa namna ambayo jirani yake hawezi. Lakini anayeanza akizishika hatapotea mbali.

Sasa tazameni hapa. Nakitumbukiza kihisio hiki ndani ya tangi. Juu ya jiwe hili, sentimeta 15 chini ya uso wa maji, katikati kabisa ya taa: 290. Nakisogeza kando sentimeta 20, kina kile kile: 130. Nakishusha mchangani, kwenye kona: 60. Tangi moja, taa moja, saa ile ile. Ndani yake kuna mahali pa Acropora, mahali pa Euphyllia na mahali pa uyoga. Anayekwambia taa yake "inatoa 400" hajakwambia kitu mpaka aseme wapi.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, dada... Swali ni kama maji ndiyo yaliyokula mwanga huo. Baharini, ndiyo: rangi nyekundu humezwa mapema sana, ukifika mita 10 karibu yote imekwisha, na buluu ndiyo inayosafiri mbali. Lakini kina cha tangi hili ni sentimeta 50. Maji safi ya kina hicho hayali mwanga mwingi. Kinachoupunguza zaidi ni kutawanyika: kadiri unavyokwenda mbali na taa ndivyo fotoni zile zile zinavyogawana eneo kubwa. Kwa hiyo kuinua taa sentimeta 10 kutabadilisha mambo kuliko wengi wanavyodhani. Mwanga utapungua katikati na kusambaa zaidi pembeni, na mara nyingi hilo ndilo tunalolitaka.

Kuna jambo moja la maji, hata hivyo, asante kwa kunikumbusha. Maji ya tangi la zamani hugeuka manjano polepole kwa uchafu ulioyeyuka ndani yake, na manjano hiyo hunyonya buluu. Ukiweka mkaa hai mpya, ule wa kuchujia maji, yanasafika ghafla na mwanga unaongezeka, hali taa hujaigusa. Nimewahi kuona matumbawe yakikunjamana siku mbili baada ya mkaa kubadilishwa, na mwenye tangi akiulaumu mkaa kuwa na sumu. Weka mkaa kidogo kidogo.

Aina za taa nitazipitia haraka, kwa kuwa soko limekwisha kuamua sehemu kubwa. Taa za metali halidi, za wati 150, 250 au 400, zilitawala zamani. Mwanga wake ni mzuri na unacheza ndani ya maji kama jua, lakini joto lake ni kubwa. Tangi linalotakiwa kubaki kwenye nyuzi 25 au 26 hupanda bila kukusudia, ukalazimika kununua mashine ya kupoza maji. Mirija ya floresenti aina ya T5 hutoa mwanga uliosambaa sawasawa, karibu hauna vivuli, na kwa Acropora bado naiheshimu sana. Shida yake ni kwamba hufifia kabla haijaungua. Kila baada ya miezi 9 hadi 12 inabidi kubadilishwa, na badilisha mmoja mmoja kwa wiki, usibadilishe yote siku moja.

Halafu LED. Zisingewezekana bila diodi ya buluu, kazi ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ambayo iliwapa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Ndiyo ninayompendekezea anayeanza leo, kwa sababu umeme wake ni mdogo, joto haliingii majini kwa wingi, na unaweza kuipunguza kwa asilimia unayotaka. Uwezo huo wa kuipunguza ndio hasa wa kuulipia. Ila LED ni vitone vya mwanga. Tawi la juu linamtia kivuli mwenzake wa chini, na baada ya miezi kadhaa unaona koloni, yaani kundi zima la polipu, limekufa upande wa chini huku juu linang'aa. Ukiwa na tangi refu, kwa mfano sentimeta 120, taa mbili dhaifu zilizotenganishwa ni bora kuliko moja kali ya katikati. Na taa zenye lenzi nyembamba zinazochoma kama tochi, ziacheni kwa matangi marefu ya kwenda chini.

Kelvini je, ile namba ya rangi ya mwanga iliyoandikwa kwenye taa? Kelvini 10,000 huonekana nyeupe, 14,000 nyeupe yenye ubuluu, 20,000 buluu kabisa. Hilo ni jambo la sura ya tangi, halikuambii tumbawe litapata kiasi gani. Kanuni ya zamani ya wati kwa kila lita nayo muiache. Wati zinaonyesha umeme ulioingia kwenye taa, hazionyeshi mwanga uliofika kwenye tumbawe.

Kuhusu rangi, mimi huweka buluu na urujuani nyingi, nyeupe kiasi, nyekundu na kijani kidogo mno. Buluu ndiyo inayoamsha protini zinazong'aa za matumbawe, zile kijani na machungwa tunazozipenda. Lakini naomba mtambue kitu. Kung'aa kwa tumbawe si dalili ya kushiba. Tumbawe linalopauka linaweza kung'aa sana, kwa sababu mwani wa kahawia uliokuwa ukizifunika rangi hizo umepungua. Wapo wanaolifurahia siku hizo na kulipiga picha, nalo liko njiani kufa. Kinyume chake, tumbawe linalogeuka kahawia iliyokolea kwa kawaida linakosa mwanga, au maji yake yamejaa naitreti, kirutubisho cha mwani, hivyo mwani umeongezeka.

Sasa saa za kuwasha taa. Mwani haupimi ukali peke yake, hupima jumla ya siku. 300 kwa saa 8 na 200 kwa saa 12 ni jumla ile ile, kama moli 8.6 kwa mita ya mraba kwa siku. Mimi huchagua ya pili, mwanga wa upole wa muda mrefu, maana ukali ukizidi uwezo wa mwani, nishati inayobaki huzalisha oksijeni ya aina kali inayounguza seli, na mwenyeji huutema mwani wake. Huko ndiko kupauka. Na usiku uwe usiku. Taa za kuigiza mbalamwezi zinazowashwa mpaka asubuhi zinapendeza sebuleni, lakini tumbawe linahitaji giza. Zizimeni mnapokwenda kulala.

Taa mpya ianze nusu ya nguvu unayokusudia, au hata chini ya hapo, uiongeze kidogo kila wiki kwa wiki 4 hadi 6. Tumbawe jipya lianzie mchangani, kisha lipande jiwe kwa jiwe. Najua ni vigumu. Umesubiri taa mwezi mzima, imefika, unataka kuiona ikiwaka yote. Nawaomba sana mvumilie. Tumbawe linalokosa mwanga kidogo hukupa wiki kadhaa za kurekebisha, lakini lililoungua hukupa siku chache tu.

Na kila wiki pitisha kitambaa chenye maji baridi kwenye kioo cha taa. Hii hapa, niligoma kuisafisha mwezi mzima ili mwione. Mnaona ukungu mweupe? Ni chumvi inayorushwa na mapovu. Nashika kihisio juu ya jiwe: 290. Sasa naifuta... subirini ikauke... 380. Mwanga huu ulikuwepo muda wote. Lakini kumbukeni kwamba kwa tumbawe, kuifuta taa iliyochafuka mwezi mzima ni sawa na kuongeza nguvu ghafla, kwa hiyo punguza asilimia kwanza kisha ufute.

Waya wa taa uufanyie kitanzi kinachoshuka chini ya soketi kabla haujapanda kwenye plagi, ili maji yakitiririka yadondoke pale kwenye kitanzi, yasiingie kwenye umeme.

Dada uliyeuliza kuhusu maji, ulisema una Zoanthus na unataka kuongeza Acropora. Njoo hapa mbele. Shika kijiti hiki, kihisio kitazame juu, usikiinamishe. Tutafutie ndani ya tangi hili mahali pa 80 kwanza, kisha mahali pa 250, na wengine mtusomee namba.