Bodi ya Umeme Inahama: Kabla Hujavunja Ukuta

REHEMA: Karibuni tena kwenye kipindi. Leo mimi ndiye mgonjwa, mwenzangu ndiye daktari. Ukuta kati ya jiko na sebule unabomolewa, na bodi ya umeme imekaa kwenye ukuta huohuo. Mimi nikajua ni kuifungua pale na kuifunga kwingine, jioni tumemaliza.

SALIM: Wa kubomoa anaanza lini?

REHEMA: Kesho.

SALIM: Mpigie asije.

REHEMA: Wacha mzaha!

SALIM: Sina mzaha, dada. Laini inayotoka mtaani mpaka kwenye mita ni ya shirika la umeme, na lakiri ya mita ni yao. Ukizima swichi kuu umezima vya ndani tu. Nyaya zinazotoka kwenye mita kuja kwenye hiyo swichi zina umeme vilevile. Pale fundi wako akiteleza bisibisi, hana breka, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, ya kumwokoa. Kwa hiyo wao ndio wanaokata na kurudisha, na tarehe wanapanga wao. Omba mapema, ukuta usubiri.

REHEMA: Haya. Na kwa kuwa tunahamisha, nataka na umeme uongezwe. Breka kuu ya sasa ni ya ampea 60.

SALIM: Utaongeza nini ndani?

REHEMA: Jiko la umeme, hita ya kuogea ile ya papo kwa papo, na kiyoyozi kimoja.

SALIM: Tupige hesabu. Wati gawanya kwa volti, tuseme volti 230. Hita ya wati 7,000 inakula ampea 30 na kitu. Jiko la 6,000, ampea 26. Kiyoyozi cha 1,500, kama sita na nusu. Umeshafika 63, na hatujagusa friji wala pasi.

REHEMA: Lakini siogi huku napika!

SALIM: Wewe huogi. Mwanao anaoga. Ila una hoja: vyote havifanyi kazi kwa wakati mmoja, ndiyo maana fundi anayejua kazi hajumlishi tu, anapunguza kwa kukadiria vinavyowaka pamoja. Hata hivyo nyumba yako iko ukingoni. Omba zaidi.

REHEMA: Basi nibadilishe breka kuu, niweke ya 100.

SALIM: Hapo ndipo watu wanapounguza nyumba. Breka hailindi jiko lako, inalinda waya. Waya uliochaguliwa kwa ampea 60 ukiupa breka ya 100, utachemka ndani ya plasta na breka imetulia tu, haina habari. Ukiongeza umeme, unaongeza mnyororo mzima: laini ya kuingia, nyaya za mita, swichi kuu, na ethi, ule waya wa kwenda ardhini, unaipima upya. Bodi mpya inayong'aa juu ya waya wa zamani ni pambo.

REHEMA: Na nyaya za vyumba? Zile zote zinaishia pale bodi ilipo.

SALIM: Afadhali umeuliza, maana hili husahaulika. Bodi ikisogea mita nne, nyaya nyingi hazitaifikia tena, nyingine zitapungua mita nne nzima. Una njia mbili. Ya kwanza, bodi ya zamani iwe boksi la maungio, na kutoka hapo uvute nyaya mpya. Lakini boksi hilo lazima lifikike, lina kifuniko cha skrubu, halizikwi kwenye plasta. Wewe ukuta wenyewe unaondoka, kwa hiyo labda maungio yapande juu ya dari, penye mlango wa kupandia. Ya pili, uvute upya kutoka kwenye soketi. Nyaya zikiwa za zamani, mimi nachagua ya pili bila kufikiri mara mbili.

REHEMA: Kuna kwangu breka moja ina doa la kahawia, na siku za kupiga pasi nasikia harufu kama ya samaki.

SALIM: Samaki jikoni?

REHEMA: Siku ambayo sijapika samaki.

SALIM: Hiyo ni plastiki inaungua taratibu. Skrubu imelegea, umeme unapita kwenye nafasi ndogo, pale panapata joto, joto linailegeza zaidi. Usiitumie hiyo laini tena. Izime leo hii, fundi aje aifungue.

REHEMA: Nitaizima. Sasa bodi mpya niiweke wapi? Nilifikiria ndani ya kabati la nguo, isionekane.

SALIM: La. Wala bafuni, wala juu ya sinki. Iweke mahali pakavu, mbele yake mtu asimame wima, umeme ukikatika usiku uifikie bila kuhamisha masanduku. Na udai kifaa cha kukata umeme ukivuja, cha miliampea 30.

REHEMA: Na plasta?

SALIM: Baada ya ukaguzi. Kabla hawajapaka, piga picha kila ukuta, futikamba ikiwa imewekwa ionekane. Siku utakapotaka kutundika kabati, utajua pa kutoboa.

REHEMA: Ngoja kwanza nimpigie yule wa kubomoa.