Kiwanja cha Chopa Chenye Mpangaji Mmoja

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Vijana wa kozi ya utalii mliojibanza nyuma, sogeeni; viti vya mbele havilipiwi.

Mmoja wenu aliniuliza kama hoteli ya kitalii ikijenga kiwanja chake cha chopa, gharama itarudi. Nikamwambia aje leo, kwa sababu jibu langu liko mbali, Anaheim, California.

Disneyland, bustani ya burudani iliyoko huko Anaheim, ilifunguliwa Julai 17, 1955. Baadaye shirika liitwalo Los Angeles Airways likawa na kituo cha helikopta papo hapo jirani. Mgeni alishuka kwenye ndege Los Angeles, akahamia kwenye helikopta, na kabla ya nusu saa watoto walikuwa karibu na geti. Na msiwaze ile chopa ya mheshimiwa inayotua mkutanoni na kuwamwagia akina mama vumbi. Hii ilikuwa na ratiba na tiketi, kama daladala.

Shirika lenyewe lilianza kwa kubeba barua mwaka 1947, abiria likaanza kuwachukua 1954. Mwaka 1962 likaingiza Sikorsky S-61L, dude la injini mbili na mapanga matano juu, linalobeba abiria zaidi ya 20. Ila chopa hula mafuta na vipuri kama moto ulao makuti, na hapo kulikuwa na siri: serikali ya Marekani ilikuwa ikitia ruzuku. Ikaikata mwaka 1965. Wengi wakisimulia habari hii huanza na ajali. Mimi naanza hapa.

Ajali zikaja 1968. Mei 22, helikopta iliyotoka Disneyland ilianguka katika mji wa Paramount, wakafa watu 23. Siku 84 baadaye, Agosti 14, nyingine ikielekea Disneyland ikaangukia bustani ya umma katika mji wa Compton, wakafa 21. Hakuna aliyenusurika katika zote mbili. Miongoni mwa waliokufa Compton alikuwa mjukuu wa mwanzilishi wa shirika, Clarence Belinn.

Tuitazame hiyo ya Agosti kwa karibu. Mapanga yale matano hutambuliwa kwa rangi, fundi asije akayachanganya. Lililochomoka lilikuwa la njano. Wachunguzi walikuta chuma kinacholishika kwenye kitovu kimekatika kwa uchovu: ufa mdogo uliokua safari baada ya safari. Pale ufa ulipoanzia, chuma kilikuwa laini kuliko kipimo, na ile kazi ya kukirushia vichembe vigumu kwa kasi ili uso wake ukaze haikufanyika ipasavyo. Kosa lilikuwa ndani ya chuma tangu karakana. Abiria aliyekuwa anafunga mkanda angelijuaje?

Shirika likajikongoja, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 likaacha kuruka. Sasa jiulizeni: kituo cha Anaheim kilikuwa na kosa gani? Lami yake haikupasuka, na wageni wa Disneyland waliendelea kumiminika, kwa sababu pale ilipojengwa barabara kuu ya Santa Ana inapita pembeni na watu walikuja na magari yao. Lakini kiwanja kilimtegemea mpangaji mmoja, na mpangaji alipofilisika hakukuwa na mwingine wa kupokea funguo. Kwa hiyo ukitaka kujua kama kiwanja cha hoteli kitadumu, usinionyeshe mchoro wa kiwanja. Nionyeshe hesabu za anayerusha chopa, halafu nionyeshe hali ya barabara.

Na kuna jambo huwa linanichekesha kidogo. Tangu 2003 anga ya Disneyland imefungwa: bila ruhusa, hupiti chini ya futi 3,000 ndani ya maili 3 za baharini kutoka hapo. Mahali palipokuwa na tiketi za helikopta, leo rubani wa helikopta anapazunguka kwa mbali.

Yule mwenye swali la hoteli yupo? Haya, mpeni maikrofoni, atuambie barabara ya kwao ikoje.