Salamu Kwanza, Shida Baadaye

Nimeketi pale karibu na mlango tangu saa saba na nusu, na kofia yangu hii kuukuu. Mwenyekiti alikuwa hajafika kunitambulisha, basi nikawa nahesabu. Wameingia watu 31. Walionisalimu ni wanne, na wawili kati yao ni kina mama wa chai. Kijana mmoja, sitasema amevaa shati gani, alisimama mbele yangu akasema, "Mzee, choo wapi?" Sijafungua kinywa, keshaondoka.

Mnacheka. Leo ni tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, na tumekusanyika hapa Jinja, Uganda, kuisherehekea lugha!

Nimefundisha Kiswahili nchini humu mpaka nikastaafu, na swali nililoulizwa kuliko yote ni hili: mbona watu wetu wengi wanakiogopa? Katiba ilirekebishwa 2005, kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia tena. Karatasi tunazo. Lakini nenda Mukono, mwulize bibi wa rika langu anajua Kiswahili gani. Atakwambia: "Toa kitambulisho." "Lala chini." "Panda gari." Hilo la mwisho tuliligeuza kuwa jina la misako yenyewe ya wanajeshi, miaka ile ya 80. Mtu akisema "siku ya panda gari" hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Yasikilizeni vizuri hayo maneno. Yote ni amri. Lugha ambayo kule pwani huulizi bei ya nazi kabla hujauliza watu wameamkaje, kwetu ilifika barabarani imekatwa kichwa.

Wanafunzi wangu wa zamani wanaijua hadithi ya mama yangu na beseni. Vumilieni, nitaisema tena.

Tulikuwa tunakaa Walukuba, hapa hapa Jinja. Mama alikuwa anauza mukene, yaani dagaa, anapeleka Kampala, na mimi ndiye mbeba beseni. Mwaka ni 1983. Pale kwenye bwawa la Owen Falls palikuwa na kizuizi, na taksi ikifika hapo hata konda ananyamaza. Askari akaja, kijana tu, macho mekundu. "Shuka wote! Kitambulisho!" Tukashuka. Watu wametazama chini. Mama akamtazama usoni akasema, "Hujambo, mwanangu?"

Kimya. Nilitamani niingie ndani ya beseni.

Yule askari akapita kana kwamba hakusikia. Mama, naye alikuwa na ubishi wake, akamfuata kwa sauti: "Nimekuamkia, baba." Jamani! Kijana akageuka. Akasimama. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni: "Sijambo, mama." Mama akamwuliza, "Umeshindaje na jua hili? Umekula?" Akasema hajala tangu jana. Mama akafunua beseni, akamfungia mukene kwenye gazeti.

Ngojeni, msinipigie makofi. Sikusema salamu ilituokoa. Vitambulisho vilikaguliwa vyote, na mzee mmoja tuliyekuwa tumeketi naye kiti kimoja hakurudi ndani ya taksi. Mama alimwombea njia nzima. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: yule askari alipotukagua sisi tuliobaki, alikuwa anasema "mama", anasema "mzee". Dakika moja kabla hakuwa nalo hilo neno. Lilikuwemo ndani yake, halina aliyeligonga mlango.

Najua kuna anayenung'unika kule nyuma: mwalimu, hiyo ni zamani, Kampala ya leo utasalimu wangapi? Ukianza pale kituo kikuu cha taksi utafika Wandegeya kesho kutwa. Nani kakuambia uwasalimu wote? Msalimu uliyeketi naye bega kwa bega mpaka Mbale. Msalimu mlinzi unayempita kila asubuhi. Na zaidi ya yote msalimu mtu unayetaka kumwuliza kitu! Mtu si kibao cha barabarani.

Mwingine atasema: wezi. Kwani mwizi anasubiri umsalimu ndipo akuibie? Mimi simu yangu iliibwa na mtu ambaye hatukusemezana neno.

Na wenzetu wanaosema Kiganda wana jambo nalowaonea wivu. Ukimpita mtu anachimba mtaro, humjui hata kidogo, unamwambia "Gyebale ko, ssebo." Unamshukuru kwa kazi ambayo hukumtuma wala hutailipa. Naye anakujibu palepale bila kuacha jembe. Kiswahili tunasema "pole na kazi", nayo ni nzuri, lakini hiyo inamhurumia. Ile ya Kiganda inamshukuru. Ningekuwa na mamlaka ningeiingiza kwenye kamusi kesho. Madereva wa boda mlioko hapa, mnashinda juani steji kutwa nzima: abiria wangapi leo wamewaambia gyebale? (Sauti: "Hakuna!") Na ninyi mmewaambia wangapi? Mmenyamaza.

Nilitaka kusema juu ya empaako ya Wanyoro na Watooro, majina yale ya upendo ambayo huwezi kumwamkia mtu bila kumwita kwayo, hata UNESCO mwaka 2013 wakayaweka kwenye orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa haraka. Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya. Shikamoo, basi, kwa ufupi: ni ya mkubwa, tafadhali. Watoto wa shule wananiambia shikamoo halafu wanawaambia na wadogo zao shikamoo. Na ninyi wakubwa, mkiamkiwa itikieni "marahaba", si "fine".

La simu masikioni naliacha. Lingenichukua mpaka magharibi.

Ila nina deni moja. Wewe kijana uliyenipita mlangoni. Hujambo? … Eeh, nimekusikia. Kiko nyuma ya jikoni, mkono wa kushoto, na ufunguo anao mama wa chai. Mwamkie kwanza.