Sikio la zeze mbele ya selo

Mbukwenyi, wazee wangu, mama zangu na vijana.

Nimepewa dakika chache kabla mpigaji hajaketi hapa, peke yake, na selo yake, ile ala kubwa ya nyuzi ya Ulaya inayopigwa kwa upinde. Jana kwenye mazoezi kijana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona kama anaiharibu?" Nilimwahidi kumjibu leo mbele yenu.

Selo ina nyuzi nne, na upinde wa singa za mkia wa farasi zilizopakwa utomvu mkavu ili zishike uzi. Singa hushika uzi na kuuachia, hushika na kuuachia, mara nyingi mno ndani ya sekunde moja. Ndiyo sauti yenyewe. Zeze la Kigogo hulia kwa njia hiyohiyo juu ya kibuyu. Upinde ukikandamizwa sana, uzi hukoroma, na walimu wengi wa Ulaya walimkemea mwanafunzi kwa mkoromo huo. Kisha mwaka 1969 Mjerumani Helmut Lachenmann akatunga Pression, kazi ya selo pekee mtakayoisikia leo, akaijenga karibu yote kwa mikwaruzo: vidole vikiteleza juu ya nyuzi, upinde ukisugua mbao. Karatasi yake ya muziki humwonyesha mpigaji mkono uende wapi. Sauti itakayotoka haionyeshi.

Nasi wa Dodoma tushtuke kwa lipi? Ilimba, ala yetu ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, hutobolewa makusudi, tundu likazibwa kwa utando wa buibui, ili kila sauti itoke na mvumo wake. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki mzaliwa wa kijiji cha Doma hapa Dodoma, aliusikilizisha mvumo huo ulimwengu. Ilimba bila mvumo, kwangu mimi, ni mlenda bila karanga.

Mtasikia pia miluzi myembamba. Hapo kidole kinagusa uzi bila kuubana, kwenye nusu yake, theluthi, robo. Sauti hizo zimo ndani ya kila uzi tangu mwanzo, na waliochunguza uimbaji wa Wagogo wanasema ngazi yetu ya sauti imesimama juu ya hizohizo. Nilipolijua hilo nilikuwa mtu mzima tayari, na nilisikitika kwamba sikufundishwa shuleni.

Simu tuzizime kabisa, jamani, hata mtetemo. Pression huanza kwa kidole kuteleza juu ya uzi, chini ya mnong'ono, na aliye kiti cha nyuma naye ana haki ya kukisikia.