Tuandike configure yetu: Autoconf na Automake kuanzia folda tupu

Haya, karibuni. Wengi wenu mmeshawahi kupakua programu, mkaingia kwenye folda yake, mkaandika `./configure`, `make`, `make install`, huku mistari ya "checking for..." ikipita kwenye skrini kama daladala iliyojaa. Leo tunaiandika hiyo configure wenyewe.

Kwanza ilikotoka, kwa ufupi. Mwaka 1991 David MacKenzie alikuwa anatunza programu nyingi za GNU, mradi wa programu huria. Aliyetaka kuzijenga kwenye Unix yake alilazimika kufungua Makefile, faili la maagizo ya `make`, na kuchagua kwa mkono swichi zipatazo 20: mashine yangu ina hiki, haina kile. Nani anajua hayo yote kuhusu mashine yake? MacKenzie akaandika skripti za kuichunguza mashine yenyewe, na kutoka humo ikazaliwa Autoconf.

Fungua teminali. Ukiwa Debian au Ubuntu:

```
sudo apt install build-essential autoconf automake
```

FreeBSD ni `pkg install autoconf automake`, ukiwa root. Sasa tengeneza folda mpya, na ndani yake faili la `habari.c`:

```
#include "config.h"
#include <stdio.h>
#include <string.h>

int main(int argc, char *argv[])
{
    char jina[16];
    if (argc < 2) return 1;
#ifdef HAVE_STRLCPY
    strlcpy(jina, argv[1], sizeof jina);
#else
    snprintf(jina, sizeof jina, "%s", argv[1]);
#endif
    printf("Habari, %s!\n", jina);
    return 0;
}
```

Tusimame hapa kidogo. `strlcpy` inanakili maandishi bila kuyaacha yamwagike nje ya chombo. FreeBSD na macOS wanayo miaka mingi. Lakini glibc, maktaba ya C inayotumika kwenye Linux nyingi, imeipokea kwenye toleo 2.38, Agosti 2023. Kwa hiyo Ubuntu 24.04 inayo, Debian 12 haina, na zote mbili ni Linux. Ukiandika `#ifdef __linux__` utakuwa umeuliza kabila la mashine, na kabila halikwambii kilichomo jikoni. Uliza moja kwa moja: `strlcpy` unayo au huna?

Swali hilo tunaliuliza kwenye faili la pili, `configure.ac`, ambalo Autoconf inaligeuza kuwa configure:

```
AC_INIT([habari], [0.1])
AM_INIT_AUTOMAKE([foreign])
AC_PROG_CC
AC_CONFIG_HEADERS([config.h])
AC_CHECK_FUNCS([strlcpy])
AC_CONFIG_FILES([Makefile])
AC_OUTPUT
```

Neno `foreign` usiliache. Bila hilo Automake itakudai NEWS, README, AUTHORS na ChangeLog, na sisi tuna mistari michache tu ya C.

Tazama pia, tafadhali, hapa kwenye `AC_INIT(`. Kati ya jina na mabano hakuna nafasi. Haya ni makro (vifupisho vinavyopanuliwa kuwa maandishi marefu) ya lugha ya M4, na M4 ikiona nafasi pale inadhani umeiita makro bila kuipa kitu; yaliyomo kwenye mabano yanamwagikia kwenye skripti, halafu kosa linatokea kwenye mstari ambao wewe hukuuandika. Mimi nafasi moja ya hivyo ilinila jioni nzima.

Faili la tatu ni `Makefile.am`, ambalo Automake inalitumia kutuandalia Makefile; mistari miwili basi:

```
bin_PROGRAMS = habari
habari_SOURCES = habari.c
```

Sasa tuziite Autoconf na Automake kwa amri moja:

```
autoreconf --install
```

Orodhesha folda kwa `ls`. Imejaa: `configure`, `Makefile.in`, `config.h.in`, `install-sh` na wenzao. Ichungulie hiyo configure kwa `less`. Maelfu ya mistari ya shell ya kizamani, mibaya kuitazama, na kwa makusudi: inapaswa kukubalika hata kwenye shell isiyo bash. Usiihariri kamwe. Ukitaka mabadiliko, rudi kwenye `configure.ac`.

Tuikimbize; `--prefix` inasema programu isakinishwe wapi:

```
./configure --prefix=$HOME/programu
make
make install
```

Kwenye Debian 12 yangu unaona: `checking for strlcpy... no`. Imejuaje? Imeandika kiprogramu kidogo, `conftest.c`, kinachoiita `strlcpy`, ikampa kompaila, kompaila akashindwa kuunganisha. Hakuna uganga. Fungua `config.log`, tafuta neno strlcpy, utakuta amri iliyotumika, kosa lenyewe la `undefined reference`, na kiprogramu kizima chini yake. Siku configure ikikugomea, anzia humo, maana mstari wa mwisho kwenye skrini mara nyingi haukwambii kitu.

Nikirudia zoezi lile lile kwenye Ubuntu 24.04, jibu ni `yes`, na `config.h` sasa ina `#define HAVE_STRLCPY 1`. Faili la C sijaligusa.

Limebaki la kumpa mtu mwingine:

```
make distcheck
```

Hii inafunga `habari-0.1.tar.gz`, inaifungua pembeni, inaijenga na kuijaribu upya ili kuona kama umesahau faili. Atakayeipokea hahitaji Autoconf wala Automake. Shell, make na kompaila vinamtosha.

Kwenye git weka yale matatu uliyoandika kwa mkono, yaliyozalishwa yaache. Na unapopokea tarball (faili la `.tar.gz`) ya mtu, linganisha na git yake. Machi 2024, matoleo ya xz (programu ya kubana faili) 5.6.0 na 5.6.1 yalikutwa na mlango wa nyuma, na faili lililoufungulia njia, `build-to-host.m4` lililochezewa, lilikuwa ndani ya tarball lakini kwenye git halikuwepo. Aliyeligundua, Andres Freund, alishtuka tu kwamba kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa SSH kumechelewa kama nusu sekunde.