Kabla main haijaanza: pakeji za Go zinavyopangana

Karibuni tena. Leo niko Kirumba, hapa Mwanza, na tunaandika programu ndogo ya muuza dagaa wa Mwaloni: unaingiza uzito, inakupa bei. Lugha ya programu ni Go, na tutaona pakeji zake zinaandaliwa kwa mpangilio gani kabla main haijaanza. Fungua kompyuta yako twende pamoja.

Tengeneza folda, iite soko. Ingia ndani yake kwenye teminali, andika go mod init soko. Kisha ongeza folda mbili, mizani na bei, kila moja na faili lake; kila folda ni pakeji, yaani kifurushi cha msimbo. Faili la main, ambako programu huanzia, linakaa nje ya hizo mbili.

Kwenye mizani andika:

var Gunia = 50

Herufi kubwa hiyo usiiache. Jina likianza na herufi ndogo, pakeji nyingine hailioni.

Nenda kwenye bei. Juu ingiza "soko/mizani", halafu:

var JumlaGunia = Kilo * mizani.Gunia
var Kilo = somaKilo()

Kilo hapa ni bei ya kilo moja, na JumlaGunia ni bei ya gunia zima. Fanksheni ya somaKilo irudishe int, namba yoyote kamili ya mfano. Tazama vizuri hapo: Kilo iko chini, lakini mstari wa juu yake unaihitaji. Usihangaike kuipandisha. Go inaangalia nani anamtegemea nani, inaijaza Kilo kwanza.

Sasa weka func init(), fanksheni ambayo Go huiita yenyewe kabla ya main, kwenye kila pakeji, main ikiwemo; ichapishe jina la pakeji yake. Kwenye main ingiza bei na mizani, uzitumie zote mbili, maana pakeji iliyoingizwa bila kutumika Go inaikataa. Endesha: go run .

Umeona? Imetoka mizani, ikafuata bei, main mwishoni, ingawa kwenye main bei ndiyo tuliyoiingiza kwanza. Bei inaitegemea mizani, basi mizani lazima iwe tayari. Na mizani imejitokeza mara moja tu, japo imeingizwa sehemu mbili. Ndani ya kila pakeji vigeu vyake, zile var za juu, hujazwa kwanza, ndipo init inafuata.

Jaribu kuingiza bei ndani ya mizani. Inagoma kabisa, kwa sababu zinazungukana. Dawa ni kuhamishia kinachohitajika na wote kwenye pakeji ya tatu.

Ukikuta mstari mdogo _ mbele ya pakeji iliyoingizwa, mwenzako anataka init yake tu. Draiva za hifadhidata hujisajili hivyo.

Hapa nisikilizeni kwa makini. Niliwahi kufungua hifadhidata ndani ya init. Kila nilipojaribu hesabu ndogo ya bei, programu nzima ilianguka kwa kuwa hifadhidata haikuwa imewashwa. init haipokei kitu wala hairudishi kosa, kwa hiyo huna pa kulishikia. Kazi nzito kama hiyo iandikie fanksheni yake, func Fungua() error, uiite mwenyewe kutoka main. Iongeze kwenye bei sasa hivi, kosa likirudi lichapishe, kisha endesha tena go run .